Farasi wa Kaskazini au boti za Kigoma: kwa mtu wa Tabora anayetaka kubadili kazi

Mpwa wangu ni mwalimu wa shule binafsi hapa Tabora mjini. Ana miaka 29, ana mke na mtoto wa miaka miwili, na tangu mwaka jana kila akinipigia simu huanza hivi: "Shikamoo mjomba. Niache chaki nije kwenye farasi?" Sasa swali limekuwa gumu zaidi, maana amepata nafasi mbili kwa mpigo. Moja ni ya kuanza kama saisi, yaani mtunza farasi, kwenye kambi inayowatembeza wageni kwa farasi upande wa Kilimanjaro Magharibi. Nyingine ni ya usaidizi kwenye boti zinazowapeleka wageni kutoka Kigoma hadi hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale.

Njia zote mbili nimezipita. Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha tumbaku kwa miaka saba. Nikaacha, nikafanya misimu miwili ziwani, kisha miaka mitano kwenye farasi. Namwandikia yeye, na yeyote aliye kwenye njia panda kama yake.

Kabla ya yote kuna jambo ninaloulizwa kila nikija likizo: mbona tusianzishe safari za farasi hapahapa Tabora? Pori tunalo, tembe la Livingstone lipo Kwihara, treni ipo, Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ipo tangu 2019. Kinachozuia ni ndorobo, yaani mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa wa nagana. Miombo yetu ndiyo nyumba yake, na katika mifugo yote farasi ni miongoni mwa wanaoumizwa zaidi na nagana. Ng'ombe anaweza kukonda nayo miezi, ukamchoma sindano akainuka. Farasi homa hupanda na kushuka, miguu na tumbo kwa chini huvimba, na akichelewa kutibiwa unampoteza. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Wote walikufa njiani, muda mrefu kabla ya kufika Unyanyembe, eneo la Tabora hii. Misafara iliyoijenga Tabora ilikuwa ya miguu na mabega ya watu.

Hata huko Kaskazini njia za safari huchorwa kwa kukwepa mbung'o. Ndiyo maana farasi utawakuta kwenye nyika kavu za Kilimanjaro Magharibi, Longido, kuelekea Ziwa Natron, na kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kwa hiyo mtu wa Tabora anayechagua farasi ameshachagua kuhama. Basi linapita Nzega, Igunga, Singida, Babati, na siku nzima inaishia barabarani. Kigoma ni upande wetu, kwenye reli ileile iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ukipata habari ya msiba jioni, unaweza kuwahi maziko. Hili watu hulipuuza wakiwa wanatafuta kazi, halafu linawauma mwaka wa pili.

Alfajiri ya saisi

Wengi wanaotaka kazi ya farasi wamemwona mtu yuko juu ya tandiko, twiga wako mbele yake, mlima uko nyuma. Picha hiyo ni ya kweli, na nitaifikia. Lakini kazi yenyewe huanza saa kumi na moja alfajiri, giza bado, na huanza chini.

Kwanza unatazama mavi. Ukikuta ya usiku mzima, laini kiasi, yamevunjika vizuri, unashusha pumzi. Ukikuta machache au makavu, kuna kitu. Kisha maji. Farasi wa kilo 450 anakunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, jua likiwa kali zaidi ya hapo, kwa hiyo farasi kumi ni kama ndoo ishirini, na kambini hakuna bomba. Kisha miguu: unashuka na kiganja polepole kutoka gotini hadi kwenye kwato, ukitafuta joto. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, huyo leo hapandwi, hata kama mgeni amemchagua kwa jina. Unainua kwato moja moja, unachokonoa udongo na vijiwe kwa kile chuma kilichopinda. Kila baada ya wiki sita hadi nane kwato hukatwa na kusawazishwa, na hiyo nayo utajifunza kwa kumshikia fundi mguu mpaka mgongo wako useme.

Baada ya hapo ndipo unatandika. Mkunjo mdogo tu wa blanketi chini ya tandiko, mgeni akikaa juu yake saa tano au sita, jioni unakuta ngozi imechubuka. Kesho yake ni kidonda, na farasi huyo anakaa wiki moja hadi tatu bila kazi. Nilifundishwa kupitisha mkono wote chini ya blanketi kabla ya kufunga mkanda wa tumbo, na hadi leo siwezi kumwona mtu akifunga bila kufanya hivyo nikanyamaza.

Wageni wakirudi unaanza upya: kutandua, kuosha jasho, kutazama mgongo, kulisha, maji, kuwafunga kwenye kamba ndefu ya kambi, kupanga zamu za usiku na moto, maana fisi na simba wananusa farasi kama wanavyonusa pundamilia. Miezi minne ya kwanza nilipanda farasi saa chache kuliko mgeni wa wiki moja. Kama hamu yako ni kupanda, ujue mapema.

Kuna usiku mmoja nitausimulia, kwa sababu ndani yake ndimo nilipojua kwamba hii ni kazi yangu. Tulikuwa na farasi jike mwekundu tuliyemwita Asali, mimi ndiye niliyempa jina hilo kwa kukumbuka asali ya nyumbani. Saa mbili usiku nilimkuta anageuza shingo kutazama ubavu wake, anaparua ardhi kwa mguu wa mbele, analala, anainuka, analala tena. Tumbo. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kinachokwama ndani kitatoka upande mmoja tu au hakitatoka. Niliweka sikio ubavuni, nyuma ya mbavu ya mwisho. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, lina mlio kama maji yanayotembea kwenye bomba la mbali. Kwa Asali palikuwa kimya. Nilihesabu mapigo chini ya taya: 68 kwa dakika, na farasi aliyetulia huwa kati ya 28 na 44. Daktari wa mifugo alikuwa mbali, akawa anatuelekeza kwa simu. Tulichoma sindano ya maumivu tuliyoagizwa kuwa nayo, tukamtembeza kwa zamu watu watatu, dakika kumi kumi, tunamsimamisha, tunasikiliza, tunamtembeza tena. Saa tisa usiku nikasikia mlio wa kwanza, hafifu. Alipotoa mavi saa kumi na moja na nusu, sote watatu tulisimama kimya tukimtazama, na mwenzangu mmoja akalia.

Mshahara wa mwezi ule haukubadilika kwa sababu ya usiku ule. Wageni waliamka, wakanywa chai, wakapewa farasi wengine.

Siku ya ziwani

Kigoma nako unaamka gizani, kwa sababu ziwa hutulia alfajiri. Kiangazi upepo wa kusini ukianza kusukuma mchana, mawimbi ya Tanganyika si ya kuchezea, na hili ni ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Unajaza mafuta, unakagua injini, unahesabu majaketi ya kuokolea kisha unahesabu tena, unapakia maji, vyakula, mabegi. Gombe iko kilomita 16 kaskazini mwa mji. Ni hifadhi ndogo, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ndiko alikofika Jane Goodall Julai 1960. Mahale iko mbali kusini, kilomita za mraba 1,613, haina barabara ndani. Unafika kwa maji au kwa ndege ndogo, ukifika unatembea.

Ukishawashusha wageni, kazi yako kwa kiasi kikubwa ni kusubiri, kutengeneza na kulinda. Msituni wanachukuliwa na waongozaji. Nilipata kwenda nao Mahale mara kadhaa kubeba mizigo, na mara moja nilikuwa nyuma ya mzee wa Kitongwe aliyekuwa ametembea milima ile tangu ujana. Aliinua mkono, tukasimama. Akaokota ganda la bungo lililotafunwa, akaligusa kwa kidole. Mate yalikuwa hayajakauka. "Wako hapo juu," akasema kwa kunong'ona, na kweli hatukupanda hatua hamsini.

Kwa sokwe mnakaa saa moja tu, barakoa usoni, umbali unaopimwa kwa macho ya mwongozaji, kisha mnaondoka. Mwenye mafua haendi, awe mgeni aliyelipa au mfanyakazi, kwa kuwa sokwe huambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe na wengine walikufa na wengine wakalemaa.

Hapa ndipo naona tofauti kubwa kuliko zote, na sijawahi kumsikia mtu akiitaja anapolinganisha kazi hizi. Kwenye farasi unalipwa ili mnyama akuzoee, akujue harufu, akupe mguu wake ukiomba. Gombe na Mahale unalipwa ili watu wasimzoee mnyama kupita kiasi. Farasi akiumwa usiku, ni wako. Sokwe akiumwa, msitu una wenyewe na una madaktari wake, na wewe kazi yako ni kukaa mbali. Kuna mtu ambaye jambo la kwanza litamlemea na la pili litampa amani. Kuna mwingine ambaye kuwa karibu na mnyama asiruhusiwe kumgusa ni kama kuonyeshwa chakula. Jichunguze hapo kabla ya kuuliza mshahara.

Fedha na karatasi

Kwenye mshahara wa kuanzia tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Kinachotofautiana ni bakshishi na msimu. Kambi ya farasi hukaa na kundi lilelile la wageni siku nne hadi tisa, wanakujua jina, na bakshishi yao ya mwisho huwa nzuri. Lakini uliza kama inawekwa kwenye sanduku la wote au kila mtu anapewa mkononi, maana saisi aliye nyuma ya banda haonekani kama mwongozaji aliye mbele. Ziwani wageni hupita haraka, bakshishi ni ndogo ndogo, ila ni nyingi kuanzia Agosti hadi Oktoba, sokwe wa Mahale wanaposhuka karibu na ufuko.

Masika ikifika, Aprili na Mei, pande zote mbili zinapoa. Boti inaweza kuegeshwa, na msaidizi akaambiwa apumzike nyumbani. Farasi haegeshwi. Anakula Mei kama anavyokula Septemba, kwa hiyo saisi mzuri hubakizwa wakati wapishi na madereva wanaruhusiwa. Mtu mwenye mtoto mdogo alipime hilo kwa uzito wake.

Mkataba usiuonee haya kuuomba. Mwajiri wangu wa kwanza upande wa farasi aliniambia karatasi zitakuja. Mwezi wangu wa tano kazini farasi dume alinipiga teke la paja, nikalala hospitali siku nne, gharama nikalipa mwenyewe kwa akiba ya tumbaku, na nilipouliza nikaambiwa mimi ni kibarua. Hadi leo inaniuma. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za kawaida ni 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ni siku 28, na maelezo ya kazi yako lazima yawe kwenye maandishi. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya nusu yake. Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wake analipa mwajiri peke yake, na ndio unaokutibu ukipigwa teke au ukibanwa kidole na kamba ya boti. Uliza hayo mawili, NSSF na WCF, siku ya kwanza, na sikiliza jinsi unavyojibiwa. Kwa wa farasi naongeza chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye mavi na udongo wa banda, na hakuna saisi asiye na jeraha mkononi.

Utarudi nyumbani na nini

Saisi hana chuo chake hapa nchini. Unafundishwa na mikono ya aliyekutangulia, ingawa kozi ya afya ya mifugo, kwa mfano ya LITA Tengeru, chuo cha serikali cha mifugo, inakusaidia kujua unachokitazama. Ujuzi huo unauzika Arusha, Moshi, Kenya, kidogo Dar es Salaam, na polisi wana Kikosi cha Mbwa na Farasi. Ukirudi Tabora umebaki nao kichwani. Ujuzi wa boti ni tofauti. Mtu aliyejifunza kufungua injini na kuifunga, akapata na cheti cha unahodha, hatakosa kazi popote penye dagaa na abiria, wageni waje wasije. Kwa mtu anayejenga Urambo au Sikonge na anataka kurudi akiwa na miaka 45, hili si dogo.

Mwili nao una maneno yake. Kanuni ya kawaida ni kwamba farasi abebe kama sehemu ya tano ya uzito wake, kwa hiyo yule wa kilo 450 anatoshwa na kilo 90, tandiko likiwemo. Mtu mnene anaweza kuwa saisi bora, ila kuongoza safari itakuwa vigumu. Magoti na mgongo vinachoka mapema. Ziwani kinachochoka ni mabega na ngozi, na lazima ujue kuogelea, jambo ambalo watu wengi wa bara tunalificha mpaka siku tunayoulizwa.

Sasa ile picha niliyoahidi kuifikia. Ukivumilia mwaka na nusu au miwili, ukajua kukaa kwenye troti na kanta, yaani farasi akienda mbio ndogo na mbio za wastani, bila kumvuta farasi mdomo, unawekwa mkiani mwa msafara, nyuma ya wageni wote. Baadaye mbele. Pundamilia wanamtazama farasi wako kama mnyama mwenzao, hawakimbii kama wanavyomkimbia mtu wa miguu, na unapita katikati yao ukisikia wanavyotafuna. Hapo ualimu wa mpwa wangu una thamani kubwa. Tembo akitokea vichakani, wageni sita wanakutegemea kwa sauti moja: simameni, geukeni, tembeeni, hakuna kukimbia. Mtu aliyewahi kutuliza darasa la watoto 50 anayo sauti hiyo tayari, na farasi huisikia kabla ya wageni. Kwenye boti sauti hiyo itatumika pia, ila mara chache.

Nilimwambiaje basi? Nilimwambia Kigoma. Mtoto wake ni mdogo, mama yake yeye mpwa wangu yuko Urambo na presha haimwachi, treni ipo, na ujuzi wa injini ataurudisha nyumbani. Angekuwa hana familia ningefikiri zaidi. Moyo wangu uko kwa farasi, lakini moyo wangu si kigezo cha maisha yake.

Hata hivyo nilimpa sharti moja kabla hajajibu watu wa pande zote mbili. Igunga kuna jamaa yetu mwenye punda wanne wa kubeba maji. Nikamtaka akae naye wiki mbili za likizo ya Juni. Aamke nao, awanyweshe, awasafishe kwato, wala asiwapande. Punda si farasi, anavumilia mengi ambayo farasi hayawezi, lakini alfajiri ni ileile na mavi ni yaleyale. Nilitegemea siku ya tatu aniambie mgongo unamuuma na Kigoma inamfaa.

Siku ya nne, saa tano usiku, simu ikalia. Hakunisalimia. "Mjomba, yule mdogo mwenye kidonda hajagusa maji tangu mchana, na anajitazama ubavuni. Jamaa amesema nilale, ataamka mzima. Mimi siwezi kulala. Nifanye nini?"

Nikamwambia achukue tochi, aende bandani, aweke sikio nyuma ya mbavu ya mwisho, na asikate simu mpaka aniambie anasikia nini.